Jibu: Hadithi gani nisome kwa darasa lenye mtoto mwenye ualbino?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza usome nini darasa la pili, ambako watoto wanamwita mwenzao "zeruzeru". Mimi ningeziweka kando zile hadithi za kumwonea huruma. Zinamgeuza kioja mbele ya darasa. Tafuta ambayo mtoto kama yeye anacheza, anakosea, anashinda, basi. African Storybook wana hadithi za Kiswahili za bure mtandaoni. Zichapishe kwa herufi kubwa, maana wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na umketishe mbele. Halafu, ili wazoee kuhoji mawazo ya mazoea kuhusu watu, waulize kuhusu picha: nani anapika, mama au baba, na nani anaendesha gari? Wangu walibishana hadi kengele ikalia! Hilo jina la "zeruzeru" likitajwa, usilikemee katikati ya hadithi, utaharibu utamu. Lishughulikie baadaye.