Mnaoanza kufuatilia miswada, msisubiri ukumbini

Wadogo zangu mnaokuja field kwenye vyama vya wakulima huku Mbeya na Njombe, kila mwaka naona mnaanza na kosa lilelile nililoanza nalo mimi, kudhani sheria inatungwa pale ukumbini Dodoma wabunge wakigonga meza na TV ikionyesha. Pale kazi kubwa ilishaisha zamani.

Safari yangu ya kwanza nilitumwa kupeleka maoni ya wakulima wa viazi, nikapanda basi alfajiri, Iringa, Mtera, mpaka Dodoma, na bahasha ya kurasa kumi na mbili za malalamiko, kufika naambiwa kamati ilishasikiliza wadau wiki iliyopita na muswada unasomwa mara ya pili kesho. Nikarudi na bahasha yangu.

Kwa hiyo anzeni na Gazeti la Serikali. Kwa kawaida muswada unachapishwa humo siku 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, ndo muda wenu huo, ila ukija kwa hati ya dharura hesabu hiyo imekufa. Ukiupata anzia mwisho, kwenye madhumuni na sababu, halafu rudi mbele usome wote maana utamu na uchungu havikai kwenye madhumuni. Na ukiona jina "marekebisho ya sheria mbalimbali" usipite, mmoja huo unaweza kugusa sheria nyingi na la kwenu likawa mistari minne tu huko mwishoni.

Kusomwa mara ya kwanza linasomwa jina tu, hakuna mjadala. Kisha unaenda kamati, na kamati inaita wadau, hapa ndo penyewe jamani. Msipeleke insha. Andika: ibara ya 7, futa maneno haya, weka haya, sababu hii, basi, mjumbe anataka kitu cha kunyanyua na kukiweka, hataki historia ya kijiji chenu. Halafu kwenye muswada inaitwa ibara, ikishakuwa sheria ndo inaitwa kifungu, ukichanganya wanajua we mgeni (Katiba yenyewe inabaki na ibara, msiniulize).

Ukichelewa kamati kuna upenyo mmoja, Kamati ya Bunge Zima, wanapopitia ibara kwa ibara baada ya mjadala wa kusomwa mara ya pili, mbunge anaweza kuleta jedwali la marekebisho kwa maandishi, ila lazima umuwahi. Mara ya tatu hakuna cha kuongeza.

Huku kwetu tulikuwa tunaambiwa "si mumuone Spika, ni wa kwetu". Kweli nyanda hizi zimetoa maspika, Adam Sapi Mkwawa wa Iringa alikaa miaka na miaka mpaka 1994, Anne Makinda wa Njombe 2010 hadi 2015, Tulia Ackson wa Mbeya 2022 hadi 2025. Lakini Spika anaongoza kikao, haandiki muswada wako.

Na kupita bungeni bado si sheria, maana ibara ya 62 ya Katiba inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Rais akikataa anaurudisha na sababu zake, na hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, labda uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, na hapo ana siku 21 akubali au avunje Bunge. Hii ibara ya 97 wanaipenda sana kwenye intavyuu.

Akishasaini, tafuteni tarehe ya kuanza kutumika, nyingine zinasubiri waziri atangaze. Kijana wetu mmoja aliwapigia wakulima wa Uyole usiku uleule bungeni wamepitisha, kwa furaha kabisa, ushuru umeshuka. Asubuhi magunia yakafika getini, wakadaiwa ileile ya jana, na simu zote zikaja kwangu.