Si kila damu kwenye mkojo ni kichocho

Dada, nimesoma ulivyoeleza: kaka yako kaanguka mkarafuu miaka miwili nyuma, miguu haifanyi kazi, anatumia mpira wa mkojo, sasa mpira unaziba kila wiki, mkojo una damu, na jamaa wanakwambia ni kichocho. Mimi pia nimeanguka mkarafuu, huku huku Pemba, tawi lilinikatikia. Nakueleza yaliyonikuta.

Kichocho Pemba kipo, sibishi, na damu kwenye mkojo ni alama yake. Nilipewa vidonge vyake mara mbili, damu ikaendelea. Mawe ya kibofu hayakumjia mtu akilini, hata mimi mwenyewe, kwa sababu tumezoea kusikia mawe yanamgaragaza mtu kwa maumivu, na mimi chini ya kitovu sisikii kitu. Alama zangu zilikuwa nyengine: mpira kuziba siku ya saba au ya nane, mkojo kupita pembeni ya mpira, harufu kali, miguu kurukaruka usiku kuliko kawaida. Aliyegundua ni mke wangu. Siku ya kubadilisha mpira aliisugua ncha ya ule wa zamani kwa vidole, akaniuliza: "Mbona una mchanga?"

Basi na nyinyi uangalieni mpira unaotolewa. Ukiwa na ukoko mgumu au chenga kama maganda ya yai, ombeni utrasaundi ya kibofu, na kipimo cha kichocho kifanywe vile vile, msikisie. Mpira ukikataa kutoka msiuvute kwa nguvu, nendeni hospitali.

Jiwe langu la kibofuni lilikuwa kama yai la bata. Kabla ya hapo nilimeza antibaiotiki duru nne. Kila nikimaliza, homa inarudi. Daktari wa Unguja ndiye aliyenifahamisha: kuna bakteria wanaovunjavunja mkojo ukawa kama magadi, chumvi zake zikagandana kwenye mpira na kuwa jiwe, na wao wenyewe wakajificha ndani ya jiwe. Dawa haiwafikii mpaka jiwe litoke. Dogo husagwa kwa chombo kinachopitishwa njia ya mkojo, bila kupasuliwa. Langu lilipita kiasi, nikapasuliwa chini ya kitovu. (Madafu nimekunywa mpaka mnazi wa jirani ukaisha. Ni matamu, lakini jiwe kama lile hayaliyayushi.)

Kosa langu kubwa, na naona haya kulisema: nilikuwa sinywi maji. Mfuko wa mkojo ukijaa mke wangu ndiye anayeumwaga, nikamwonea huruma, nikawa nashinda na vikombe viwili vya chai. Mkojo ukawa mzito, ukakaa kibofuni, kilichobaki nilijitakia. Muulize kaka yako taratibu, pengine na yeye anafanya hivyo. Wanaume tuna ujinga huo.

Baada ya upasuaji nikafundishwa kujitoa mkojo mwenyewe: napitisha mpira mwembamba kila baada ya masaa manne mpaka sita, natoa, naondosha. Lengo kibofu kisizidi nusu lita. Mikono ikiwa mizima, kwa wengi njia hii ina mawe machache kuliko mpira wa kudumu, lakini aanzishwe na daktari. Na mtu asimkandamize tumbo kuukamua mkojo, unaweza kurudi kwenye figo.

Jambo moja la haraka: kaumia wapi? Ikiwa ni shingo au sehemu ya juu ya kifua, siku mpira ukiziba akashikwa ghafla na kichwa kikali, jasho la usoni na uso kuwa mwekundu, hiyo ni presha imepanda vibaya. Mkalisheni wima, angalieni mpira umejikunja wapi, na kama haufunguki, hospitali dakika hiyo hiyo.

Mkipewa rufaa ya Unguja, mwageni mfuko kabla ya kupanda boti Mkoani. Mimi ulinijaa pale mkondo wa Nungwi, boti inayumba, kila mtu kashika kiti chake, na wa kunisaidia alikuwa anatapika.