Kabla Hujagawa Nafasi, Isome Riwaya kwa Penseli

Bibi mmoja wa Ngamiani ndiye aliyenionyesha kosa langu. Tulikuwa tumemaliza kuonyesha filamu yetu fupi uani kwa rafiki yangu, shuka jeupe limetundikwa ukutani, watoto wamejaa mkekani. Kisa tulikitoa kwenye riwaya ambayo wengi wa rika langu hapa Tanga tuliisoma sekondari na kuipenda. Watu walipoanza kutawanyika, bibi akanivuta mkono. "Mwanangu, yule mtumishi ndiye aliyekuwa akilia kweli. Yule bibiye wenu alikuwa akipigwa picha."

Huyo "mtumishi" ni binti wa Tongoni. Siku ya usaili alisoma kipande cha barua, pale mhusika mkuu anapopata habari kwamba mchumba wake harudi tena, na darasa zima tuliloazima likanyamaza. Nilimsikia vizuri kabisa. Kisha nikampa nafasi ya msichana wa kazi, sini mbili basi, kwa sababu ni mweusi, na kichwani mwangu stelingi wa riwaya ile alikuwa mweupe, nywele zimemwagika mabegani. Nafasi kubwa nikampa binti mwenye sura hiyo, ambaye maneno yalimtoka mdomoni tu.

Usiku ule nilikichukua kitabu na penseli. Kila mahali mwandishi alipotaja umbo la yule binti, nikapiga mstari. Macho yametajwa. Mwendo umetajwa, na namna anavyojitanda khanga akipita mbele ya baraza la wanaume. Rangi haikutajwa hata mara moja. Weupe ule niliuweka mimi nikiwa na miaka kumi na sita, nikaubeba miaka yote, mpaka nikaja kumnyima mtu haki yake.

Basi ukitaka kutengeneza filamu kutoka kwenye riwaya unayoipenda, anza na penseli. Mapenzi yenyewe ndiyo yanayotupofusha: kitabu ulichokisoma mara tano unakumbuka zaidi ulivyokiota kuliko kilivyoandikwa. Hata watazamaji huingia mtego huo. Mwaka 2012, filamu ya The Hunger Games ilipotoka, wapo wasomaji waliokasirika kumwona mtoto Rue amechezwa na Amandla Stenberg, binti mwenye asili ya Kiafrika. Riwaya, iliyotoka 2008, inasema waziwazi kwamba Rue ana ngozi ya kahawia iliyokoza. Waliisoma, wakaipenda, na sentensi ile wakaipita.

Ukishapiga mistari yako, jiulize: nikibadilisha asili ya mhusika huyu, kisa kinasimama? Mtazame Yasmin wa Vuta N'kuvute. Amil Shivji alipoifanya riwaya ya Adam Shafi kuwa filamu mwaka 2021, Yasmin hakuweza kuwa msichana yeyote tu. Ni binti wa Kihindi wa Unguja, ameozwa kwa mwanamume anayemzidi umri mno, akakimbia, na mapenzi yake na Denge, Mwafrika anayepambana na utawala wa Mwingereza, yanagonga kila ukuta uliowatenga watu wa mji ule. Mwondolee Uhindi wake, riwaya yote inabomoka. Nafasi ilikwenda kwa Ikhlas Gafur Vora, na ukimtazama huhitaji kuelezwa kwa nini ndugu zake wanamtenga. Heathcliff wa riwaya ya Kiingereza Wuthering Heights ni hivyo hivyo: Emily Brontë alimwandika mtoto aliyeokotwa, mwenye ngozi iliyokoza, asili yake haijulikani, na ugeni huo ndio unaomponza. Kwenye filamu ya mwaka 1939 alichezwa na Laurence Olivier, Mzungu. Mwaka 2011 ndipo mwongozaji Andrea Arnold alipompa nafasi hiyo James Howson, mwigizaji mweusi.

Lakini wahusika wengi hawako hivyo. Mwalimu, daktari, shangazi mwenye maneno, kijana anayependa asipopendwa: hao wanaweza kuwa mtu yeyote wa mji huu. Tanga ina Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua, Wasambaa, Waarabu, Wahindi, na wote tunakutana sokoni. Kwa nini filamu zetu zimpe Mhindi duka peke yake, na Mmasai geti la kulinda?

Hapo pia nilikosea. Tulihitaji mfanyabiashara wa Kihindi, nikamwomba mzee mmoja tunayefahamiana, nikampa skripti niliyoiandika kwa Kiswahili kilichovunjika-vunjika. Akaisoma, akanirudishia. "Mimi nimezaliwa hapa. Baba yangu alizaliwa hapa. Umewahi kunisikia nikisema hivi?" Sikuwahi. Anaongea Kiswahili cha Tanga kuliko mimi. Niliyaandika upya maneno yake yote, safari hii nikiwa nimekaa naye barazani kwake, na mhusika yule akawa mtu mzima, ana hofu zake na utani wake.

Usaili sasa tunaufanya hivi: mtu anasoma, sisi tumempa mgongo. Tunaandika tulichosikia, ndipo tunageuka. Mara ya kwanza tulipojaribu, watatu kati ya wanne tuliowachagua ni watu ambao nisingewaita tena kwa kuwatazama. Ruhusa ya mwandishi au warithi wake pata kwa maandishi mapema, kabla hata ya usaili.

Na jambo hili la rangi tusilipitie juu juu. Binti anayeona kwamba kila mpendwa kwenye Bongo Muvi ni mweupe na kila mtumishi ni mweusi, ataupeleka mkono wake kwenye mkorogo bila kuambiwa na mtu. Mimi mwenye kamera nina sehemu yangu katika kopo lile.

Mwezi uliopita nilikwenda Tongoni. Nilimkuta yule binti na mama yake wakipaa samaki. Nikamweleza kosa langu kama nilivyolieleza hapa, sikulipamba. Hakunijibu, aliendelea na kisu chake. Mama akanikaribisha chai, nikanywa, nikaaga. Nilipofika njiani binti akanifuata, mikono bado ina magamba, akaniuliza kama kile kitabu bado ninacho. Ile barua, akasema, alipewa ukurasa mmoja tu, na hajajua mpaka leo binti yule alimjibu nini mchumba wake.