Usiruke siku: kuacha esitalopramu kwa mtindo wa "leo meza, kesho acha"

Dada wa Kondele, usiruke siku. Soma hilo kwanza, mengine yatafuata.

Kwa mliodandia uzi huu katikati: dada anatumia esitalopramu, dawa ya depresheni, mg 20 kila usiku, imepita mwaka, sasa anajisikia mzima. Jamaa wa duka la dawa amemwambia, "Leo meza, kesho acha, wiki mbili utakuwa umemaliza." Anauliza kama mpango huo ni sawa, kama stresi ya kazini itamrudisha alikotoka, na afanyeje malaria ikimshika katikati. Maswali matatu. La kwanza nitalijibu mpaka mchoke.

Ushauri huo naujua, nishauziwa, na muuzaji alikuwa na koti jeupe na kalamu tatu mfukoni. Mtu anauza Panadol, nepi, chaji za simu na ushauri wa ubongo kwenye kaunta moja, na cheti kilichotundikwa ukutani ni cha mtu ambaye hamjawahi kumwona. Hakuuliza dawa inakaa mwilini muda gani. Hakuuliza umewahi kuugua mara ngapi. Alichojua ni kwamba ukila nusu ya vidonge umepunguza nusu ya dawa. Kwa kalkuleta ni kweli. Kwa ubongo ni upuuzi, na nitaeleza kwa nini.

Esitalopramu huziba kisafirishaji cha serotonini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva), yaani kile kinachoirudisha serotonini ndani ya seli ya neva ikishatoa ujumbe wake. Kikizibwa, serotonini inabaki nje kwa wingi, na kwa wiki kadhaa vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea, vinajirekebisha: vingine vinapungua, vingine vinapunguza mwitikio. Ni kama jirani aliyenunua spika kubwa, ukaziba masikio kwa pamba. Spika ikizimwa ghafla, pamba bado iko masikioni. Kuitoa kunachukua wiki, wakati mwingine miezi, haijali wewe una haraka kiasi gani.

Sasa hesabu. Esitalopramu hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 30. Ukimeza kila siku, kufikia dozi inayofuata damu bado ina zaidi ya nusu ya kiwango cha juu. Ukiruka siku, saa 48 zinapita na kinabaki kama theluthi moja. Kisha unameza mg 20 nzima, kiwango kinaruka juu, halafu kinaporomoka tena. Kwa wiki umekula dawa kiasi kilekile ambacho ungekula kwa kumeza mg 10 kila siku, ila umeutikisa ubongo mara tatu au nne. Hujapunguza dawa hapo. Umeacha dawa na kuianza upya, ukaacha tena, ukaanza tena, wiki nzima.

Dawa nyingine za depresheni nazo zina hesabu zake. Paroksetini ni mbaya zaidi: inapungua nusu kwa takriban saa 21, kwa hiyo baada ya saa 48 umebaki na kama moja ya tano. Venlafaksini yenyewe hupungua nusu kwa saa kama 5, na zao lake linalofanya kazi kwa saa kama 11. Kwa hiyo wa venlafaksini akichelewa kumeza nusu siku tu, mwili unamkumbusha.

Anayefaa kuambiwa aruke siku ni mmoja: wa fluoksetini. Zao lake, norifluoksetini, hupungua nusu kwa siku 4 hadi 16, kwa hiyo siku moja ikirukwa kiwango hakitikisiki sana. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaruhusu mtu aliyefika mg 20 za fluoksetini ameze siku moja na kuacha moja kwa kipindi. Nashuku ushauri wa kaunta umetoka hapo: mtu alisikia habari ya fluoksetini, akaibandika kwa kila kidonge cha depresheni kilichoko rafuni.

Kosa la pili linakaa ndani ya lile la kwanza: kudhani kupunguza nusu ya dozi ni kupunguza nusu ya athari. Mwaka 2019 watafiti Mark Horowitz na David Taylor waliandika kwenye The Lancet Psychiatry wakitumia vipimo vya picha za ubongo. Kwa sitalopramu (esitalopramu ni nusu yake iliyochujwa, kwa hiyo kwa makadirio gawa mg kwa mbili), mg 60 huziba visafirishaji kama asilimia 88, mg 20 asilimia 80, mg 9 asilimia 70, mg 5.4 asilimia 60, mg 2.3 asilimia 40, mg 0.8 asilimia 20. Angalia vizuri. Kutoka 60 kushuka hadi 20 umepoteza asilimia nane tu. Kutoka 2.3 kwenda sifuri umepoteza arobaini kwa mpigo.

Ndiyo maana watu wengi hushuka raha mustarehe kutoka 20 hadi 10 na 5, wanachangamka, wanaacha ile ya mwisho Ijumaa, na Jumapili wako kitandani wakiapa wamerogwa. Kidonge kidogo ndicho ngazi ndefu.

Kwa hiyo: kila siku, saa ileile, kiasi kinachopungua kidogokidogo, na hatua zinazidi kuwa fupi kadiri unavyokaribia chini. NICE inasema kila hatua ikatwe kwa sehemu ya dozi uliyonayo, kwa mfano nusu, na ukifika chini ufikirie kukata kidogo zaidi, kwa mfano robo. Kwako wewe, ratiba ni hii, ambayo utaiweka mezani mbele ya daktari na si mbele yangu: mg 20, 15, 10, 7.5, 5, 3.5, 2.5, 1.5, 1, 0.5, sifuri. Kila ngazi ikae wiki mbili hadi nne, na usishuke mpaka ngazi uliyopo iwe imetulia. Ikikushika vibaya, rudi ngazi ya juu iliyokuwa shwari, tulia hapo, kisha shuka kwa hatua fupi zaidi. Huo si woga.

Mpaka mg 5 unaweza kukata: kidonge cha mg 10 chenye mstari katikati, kikata vidonge cha plastiki, si kisu cha mboga. Chini ya hapo kukata ni kubahatisha. Uliza kwanza kama kuna matone ya esitalopramu. Yasipopatikana, mwombe mfamasia halisi akuonyeshe njia ya maji: kidonge cha mg 10 kinasagwa laini, kinatiwa kwenye maji ml 10, sasa kila ml ina kama mg 1. Tikisa, vuta papo hapo kwa sirinji isiyo na sindano (ya ml 5 ni nzuri, ya ml 1 kwa dozi za mwisho), meza, mwaga iliyobaki. Dawa haiyeyuki yote, inazama, kwa hiyo ukitikisa, ukaenda kupokea simu, ukarudi ukavuta, umevuta maji. Usiiweke mpaka kesho. Ni chungu, andaa chai. Na hii si ya kapsuli au vidonge vinavyoachia dawa polepole: hizo ukizisaga umemeza dozi ya siku nzima kwa dakika moja.

Kabla hujaanza kushuka, nunua dawa ya kutosha ngazi mbili mbele. Wengi wanaoruka siku hata hawakupanga: dawa imeisha kituoni, au mtu amepanda matatu kwenda ushago Desemba na kuacha pakiti juu ya friji Kisumu. Soma pakiti kila unaponunua, maana mg 10 na mg 20 za kampuni moja hufanana. Na kama unatumia omeprazole kwa vidonda vya tumbo, usiiache wala kuianza katikati ya ngazi. Omeprazole huzuia ini kuvunja esitalopramu, kwa hiyo ukiiacha, dawa inashuka damuni hata kama kidonge ni kilekile, na utabaki kujiuliza ni nini kimekupata.

Dalili za kuacha: kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, hasira za ghafla, machozi yasiyo na sababu, na vile vishoti vya stima kichwani ukigeuza macho. Huanza ndani ya siku chache baada ya kupunguza na hutulia upesi dozi ikirudishwa. Depresheni inayorudi kwa kawaida hujikokota kwa wiki, na haina vishoti. Andika tarehe ya kila ngazi na dalili zake kwenye daftari, la sivyo daktari atakayekuona ataziita ugonjwa umerudi na kukuandikia dozi kubwa kuliko uliyoanza nayo. Asubuhi zitakuwa nzito, na hapo swali lako la stresi linapata kipande cha jibu: kortisoli, homoni ya stresi, hupanda dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kwa hiyo usipime ngazi mpya kwa saa moja ya kwanza ya siku. Wala usianze kushuka mwezi wa kufunga hesabu kazini.

Usingizi ukikataa, huyohuyo wa kaunta atakupa diazepamu, dawa ya kutuliza. Kataa. Hiyo inakaa kwenye vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo; ukiizoea kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege, na utakuwa na dawa mbili za kuacha badala ya moja.

Ah, malaria. AL (dawa ya malaria, artemether na lumefantrine) na esitalopramu zote zinaweza kurefusha kipimo cha moyo kinachoitwa QT, kwa hiyo pima kwanza, usinunue AL kwa kuhisi homa tu, na mtaje daktari dawa zote mbili kabla ya kidonge cha kwanza. Lakini usiruke esitalopramu siku tatu za AL kwa akili yako mwenyewe. Tumerudi palepale, naona.

Kama umewahi kuugua zaidi ya mara moja, daktari anaweza kutaka ukae kwenye dawa hadi miaka miwili kabla ya kufikiria kushuka, kwa hiyo nenda kwenye kliniki ya afya ya akili, pale hospitali ya Jaramogi, Kisumu, iko, na daftari mkononi. Ukipata mawazo ya kujiua ngazi yoyote ile, hiyo ni idara ya dharura usiku huohuo, si jukwaani.

Leo umeshameza? Kama bado, meza.