Damu Baada ya Kujifungua: Tuache Kuiita "Uchafu Unatoka"

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwenye mimba ya kwanza, ameniandikia: "Shikamoo Mama Nuru. Shangazi ananiambia nikishajifungua damu ikitoka nyingi nisiogope, ni uchafu unatoka, tumbo linajisafisha. Ni kweli?" Nilimjibu palepale kwamba si kweli. Lakini kauli hiyo ilitaka kuniua mimi, kwa hiyo leo naisema hadharani.

Nuru alizaliwa kituo cha afya, alfajiri, bila shida. Kondo likatoka, nikaletewa uji. Baada ya muda nikahisi joto chini ya mapaja. Kanga niliyolalia ilikuwa imelowa chapachapa na damu inachuruzika pembeni ya kitanda. Nikamwambia mama mkwe. Akafunua, akafunika, akasema, "Tulia mwanangu, hiyo damu chafu, iache itoke yote." Ananipenda sana yule mama; alisema alichofundishwa na wakubwa zake. Nikatulia. Masikio yakaanza kuvuma, midomo ikakauka, nikasikia baridi na huku jasho linanitoka.

Muuguzi aliyekuja kunipima presha ndiye aliyeona. Alinibonyeza tumbo chini ya kitovu, akalisugua kwa nguvu mpaka nikapiga yowe, huku anamwita mwenzake alete dripu na sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba. Nilimsikia akisema, "Limelegea, laini kama kinyunya!" Gari likanikimbiza hospitali ya mkoa, nikaongezewa damu. Waliojitokeza kuchangia ni shemeji yangu na vijana wa bodaboda wa pale stendi. Nuru sasa yuko darasa la tatu, na nikimwona na begi lake mgongoni najivuna, nisifiche. Kinachoniuma ni kwamba ukooni bado wanasimulia kuwa siku ile nilitupiwa jicho. Yule muuguzi hawamtaji.

Jamani, hakuna jicho. Mimba ikikomaa, kila dakika damu ya nusu lita au zaidi hupita kwenye mji wa mimba. Kondo likishabanduka, mji unatakiwa ukaze na kuibana ile mishipa. Usipokaza, mama anaweza kufa ndani ya saa mbili tu. Mama aliyeingia leba akiwa na upungufu wa damu hata hizo saa mbili hana. Ndiyo maana nawapigia kelele mnaoficha vidonge vya kuongeza damu kabatini eti vinanuka. Vimeze!

Tanzania tumepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha vifo vya wajawazito na wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Na utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, uliotolewa 2023, ulionyesha kitu ambacho ningetamani kila leba iwe nacho: mama awekewe mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na damu ikizidi apewe matibabu yote kwa mkupuo, kusugua tumbo, dawa, dripu na uchunguzi. Hatari ya kuvuja damu nyingi sana, kupasuliwa kwa sababu yake au kufa ilipungua kwa asilimia 60. Macho hudanganya, na kanga hunywa damu nyingi kabla hujashtuka.

Sasa wewe uliye mjamzito, na wewe mume wake. Msizalie nyumbani. Wachangia damu muwajue kabla, kwa majina na namba zao. Andikeni 115 kwenye simu; kwa Tanzania ni bure, mfumo wa m-mama unakutafutia ambulensi, na isipokuwepo unakutumia dereva wa jamii aliyesajiliwa. Mume akiwa safarini, aseme mapema mbele ya wazee kwamba mkewe asisubiri ruhusa yake. Wanawake wamekufa wakisubiri simu ya mwanaume ipatikane, na hili likinijia nakosa usingizi.

Atakayekaa nawe baada ya kujifungua, awe mama, wifi au shangazi, nenda naye kliniki hata mara moja, amsikie mkunga mwenyewe. Mwambie akiona kanga inalowa upesi aite muuguzi kwa sauti, asione haya.

Na ukisharuhusiwa, hatari haijaisha mpaka siku 42 zipite. Damu ikirudi kwa wingi, kichwa kikiuma sana, macho yakiona maluweluwe, homa ikipanda au ukeni kukitoka majimaji yenye harufu mbaya, usimeze panadoli ukalala. Rudi kituoni usiku huohuo, na kadi ya kliniki mkononi.