Mmeuliza: Baada ya safari ndefu, naishije bila kuharibu?

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaofanana: waliopanda milima, waliovuka bahari kwa tanga, walioendesha baiskeli nchi hadi nchi, na ambao sasa wanataka kukaa mahali pamoja, wapatunze na wapatetee. Tumechagua maswali ambayo hesabu na vifaa vinaweza kuyajibu.

Wahariri, salamu. Nimeishi muda mrefu kwenye mashua ya tanga, sasa nahamia nyumba ndogo isiyo na umeme wa gridi. Kila ninayemuuliza ananiambia ninunue paneli nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Ni sawa? — Baharia anayetia nanga

Ndugu baharia, usinunue chochote kwanza. Chukua karatasi, andika kila kifaa utakachotumia, wati zake na saa zake kwa siku. Kazi hii wewe unaijua, maana mashuani hulali bila kujua kilichobaki kwenye betri na kwenye tangi. Mazoea hayo ya kutegemea kilichomo chomboni tu ndiyo yaliyombadilisha Ellen MacArthur, aliyeizunguka dunia peke yake kwa tanga mwaka 2005 kwa siku 71 na saa 14. Aliacha mashindano, na mwaka 2010 akaanzisha taasisi inayotetea uchumi wa kurudisha vitu kwenye matumizi badala ya kuvitupa.

Tuchukue mfano. Taa 3 za wati 5 kwa saa 4 ni wati-saa 60. Simu 2 ni kama 30. Kompyuta ya mapajani ya wati 50 kwa saa 3 ni 150. Pampu ya wati 60 kwa dakika 20 ni 20. Friji ndogo ni kama 400. Jumla 660 kwa siku. Ukitaka akiba ya siku 2 za mawingu, unahitaji 1,320. Betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo itabidi iwe ya wati-saa 2,640, yaani ampea-saa 220 kwa volti 12. Ya lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80, hivyo ampea-saa 140 zinatosha, ila usiichaji ikiwa baridi imefika chini ya nyuzi 0. Seli zake huharibika moja kwa moja.

Paneli sasa. Gawanya 660 kwa saa za jua kali za mahali pako katika mwezi mbaya kuliko yote, kisha kwa 0.7 kwa ajili ya upotevu. Kwa saa 4 unapata kama wati 236, basi funga 300. Paneli nyingi juu ya betri ndogo ni mwavuli mkubwa juu ya kikombe: jua linamwagika tu.

Kinachoangusha mifumo mingi tunayoulizwa si uhaba wa paneli. Ni inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani, iliyoachwa ikiwaka usiku na mchana. Ikila wati 10 bila kazi yoyote, kwa siku imekula 240, zaidi ya theluthi ya bajeti yako. Taa, simu na pampu ziende kwa volti 12 moja kwa moja, na inveta iwashwe inapohitajika. La pili ni kivuli: tawi moja likifunika seli chache, nguvu ya paneli nzima huporomoka. La tatu ni joto, basi acha nafasi ya sentimita 10 kati ya paneli na bati hewa ipite. Na fyuzi kuu ikae karibu na ncha chanya ya betri, isizidi sentimita 20, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote.

Habari za kazi. Nakinga mvua, na nimefunga bomba la kumwaga maji ya kwanza, yale machafu yanayoosha paa. Bado maji ya tangi yananuka na yana vijidudu vinavyojikunja. — Mwendesha baiskeli aliyetulia

Vinavyojikunja ni viluwiluwi vya mbu. Wameingia pale ulipopasahau, na mara nyingi ni bomba la maji ya kufurika. Funga wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1 kila mahali hewa inapoingia, si kwenye kifuniko tu.

Harufu ni jambo jingine. Majani na kinyesi cha ndege vimefika chini ya tangi na vinaoza, maana yake bomba lako la maji ya kwanza halifanyi kazi. Shuka ukaliangalie. Mwisho wake wa chini kuna kitundu cha milimita 2 au 3 kinachodondosha maji polepole ili bomba liwe tupu mvua nyingine ikija. Punje ya mchanga au jani moja likiziba hapo, bomba hubaki limejaa, na mvua inayofuata hupita juu yake na kuingiza uchafu wote tangini. Legeza kifuniko, osha, rudisha. Fanya hivyo baada ya kila mvua kubwa. Ni kazi ya dakika mbili.

Pima pia kama bomba lenyewe linatosha. Mwaga lita 0.5 hadi 1 kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa la mita 40 za mraba linataka lita 20 hadi 40. Bomba la upana wa milimita 100 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo mita 3 ndiyo mwanzo, na penye vumbi jingi au miti karibu ongeza.

Hesabu ya mavuno ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, zidisha kwa 0.85 kwa paa la bati. Milimita 10 juu ya paa hilo la mita 40 ni lita 340. Pima eneo ambalo paa linalifunika ardhini, usipime bati lenyewe lililoinama, la sivyo utajidanganya. Ukubwa wa tangi, hata hivyo, utokane na urefu wa ukame. Watu 2 wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku 60 bila mvua wanahitaji lita 2,400, na hapo bustani haijaguswa.

Ya kunywa ichemshwe hadi itokote kwa dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, kwa sababu huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kama ni dawa ya klorini ya asilimia 6 isiyo na manukato, weka matone 2 kwa lita ya maji maangavu, subiri dakika 30. Paa lenye risasi au asbestosi lisikupe maji ya kunywa kabisa. Kuchemsha hakuondoi sumu hizo.

Choo changu cha mboji kinanuka na nzi wamejaa. Nimeshauriwa nimwage chokaa. — Mkaa porini

Chokaa na mboji haviendi pamoja. Chokaa na jivu hukausha na kuua vijidudu, wakiwemo wale wanaoozesha. Chagua njia moja: choo kikavu cha jivu, au mboji.

Ukichagua mboji, tatizo lako karibu hakika ni mkojo. Mtu mzima hutoa zaidi ya lita moja kwa siku, na ukichanganyika na kinyesi rundo linakosa hewa, ndipo harufu inapoanza. Weka kitenganishi mbele ya kiti, mkojo uende kwenye dumu lake. Baada ya kila matumizi funika kwa nusu lita ya maranda makavu. Yakiwa mabichi hayafyonzi kitu. Bomba la hewa liwe na upana wa milimita 110 au zaidi, lipite paa kwa sentimita 50, na wavu juu. Ndani ya choo pawe na giza: nzi walio chini hufuata mwanga wa bomba, wakakwama kwenye wavu.

Pipa likijaa, lifunge na uandike tarehe juu yake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inataka zaidi ya mwaka 1 penye joto la nyuzi 20 hadi 35, na mwaka 1.5 hadi 2 penye baridi zaidi ya hapo. Siku huhesabiwa tangu mara ya mwisho pipa lilipotumika, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Mkojo uchanganye sehemu 1 kwa maji 3 hadi 10, mimina kwenye udongo bila kugusa majani, na uache mwezi mmoja kabla ya kuvuna.

Hema langu limekuwa la kunata ndani na koti la mvua linalowana. Ninunue mapya yaliyoandikwa kuwa ni rafiki wa mazingira? — Mpanda milima

Hapana, kwanza tengeneza. Koti linalolowana kwa kawaida ni chafu. Jasho na mafuta ya mwili hufunika ile dawa inayoteleza maji. Lifue kwa sabuni isiyo na kilainishi, suuza mara mbili, kisha lipashe moto wa wastani kama lebo inaruhusu. Joto huirudisha dawa kazini. Tundu lizibwe kwa kiraka chenye kona za mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo inayoanza kubanduka. Safisha kwa spiriti, kiraka kipite tundu kwa sentimita 2 kila upande, kandamiza usiku kucha.

Kunata kwa hema ni poliyurethani, tabaka la plastiki linalozuia maji, iliyovunjwa na unyevu, kwa maana ya hema lililokunjwa likiwa bichi. Sugua tabaka hilo kwa spiriti hadi litoke, kausha, kisha paka jipya. Kitambaa cha silikoni kinashika silikoni tu, basi hakikisha kabla ya kupaka. Kama kitambaa chenyewe kinachanika ukikivuta kwa vidole, hema limekwisha. Kata vipande uvitumie kama viraka.

Naruka kwa ndege kwenda kupanda milima kila mwaka. Je, bustani yangu na paneli zangu zinafidia? — Anayejiuliza

Dada au kaka, hazifidii. Ndege ya kisasa yenye abiria wengi hutumia kama lita 3 hadi 4 za mafuta kwa kila abiria kwa kilomita 100, na kila lita hutoa takriban kilo 2.5 za kaboni dioksaidi. Safari ya kilomita 5,000 kwenda na 5,000 kurudi ni kilo 750 hadi 1,000 kwako peke yako. Paneli zako ni njema kwa sababu nyingine. Ukiweza, panda mlima mmoja kwa muda mrefu badala ya minne kwa haraka, na usafiri wa nchi kavu uupe nafasi ya kwanza.

Mto ninaoupitia kwa kayaki umeanza kubadilika rangi chini ya bomba fulani la kiwanda. Nimeweka picha mtandaoni, nimepiga kelele, hakuna anayesikia. Nifanyeje? — Mpiga kasia

Swali hili ndilo linalotugusa zaidi, kwa sababu watu wa safari huona uharibifu kabla ya wengine, kisha ushahidi wao unapotea kwa kukosa vipimo. Mwaka 1970 Thor Heyerdahl na wenzake, wakivuka Atlantiki kwa chombo cha mafunjo kwa siku 57, waliandika kila siku kama wameona madonge ya mafuta majini, na kumbukumbu hiyo ikapelekwa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1997 nahodha Charles Moore alipita Pasifiki ya Kaskazini akakuta plastiki zikielea katikati ya bahari. Mwaka 1999 alirudi na wavu wa kuchota sampuli juu ya maji, akapima uzito: plastiki ilikuwa mara 6 ya viumbe vidogo vya planktoni kwenye sampuli zake. Baada ya hapo wanasayansi walikuwa na kitu cha kujadili.

Kwa mto wako, fanya hivi. Chagua vituo 3: kimoja juu ya bomba, yaani upande maji yanakotoka, cha pili mita 50 hadi 100 chini yake ambapo maji yameshachanganyika, cha tatu mbali zaidi. Kile cha juu usikikose kamwe. Bila hicho, mwenye kiwanda atasema mto ulifika ukiwa mchafu, na hutakuwa na jibu.

Chota saa ileile, angalau mara moja kwa wiki, na uandike mvua ya siku iliyotangulia. Anza na kituo kilicho chini kabisa, upande juu, ili miguu yako isitibue maji utakayoyachota baadaye. Simama ukiukabili mkondo, zamisha chupa sentimita 20 hadi 30, mdomo ukielekea maji yanakotoka, mkono ukiwa nyuma ya chupa. Chupa iliyotakaswa na maabara usiisuuze, wala usiguse ndani ya kifuniko. Andika namba ya kituo, tarehe na saa kabla hujaondoka ukingoni. Weka kwenye barafu, na sampuli za bakteria zifike maabara mapema, zisizidi saa 24.

Maabara ni ghali, kwa hiyo kati ya sampuli pima mwenyewe joto, pH (kiwango cha uchachu wa maji), na uangavu. Geuza pia mawe. Buu wa nzi-mawe na nzi-siku hawavumilii maji yenye oksijeni ndogo. Ukiwakuta juu ya bomba na chini yake ukakuta minyoo myekundu tu, umepata ushahidi ambao picha ya mtandaoni haikupi. Hesabu, piga picha ukiweka rula kando, warudishe majini.

Ukishakuwa na miezi michache ya namba, tafuta kibali cha kiwanda. Nchi nyingi huliwekea kila bomba masharti: kiasi, joto, kemikali zinazoruhusiwa. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998, hasa kwa Ulaya, na ule wa Escazú wa mwaka 2018, kwa Amerika ya Latini na Karibi, huwapa raia wa nchi zilizojiunga haki ya kupata habari hizo; kwingineko angalia sheria ya nchi yako ya upatikanaji wa habari. Linganisha namba zako na kibali mstari kwa mstari.

Kisha andika barua ya ukurasa mmoja kwa mamlaka inayotoa kibali. Jedwali la vituo 3, nakala za karatasi za maabara, ramani, na ombi moja tu: wao wenyewe waje wachote sampuli katika vituo hivyohivyo. Usiwataje wenye kiwanda kwa majina wala kuwatuhumu nia mbaya. Sema kilichopimwa, wapi na lini. Omba jibu kwa maandishi kabla ya tarehe unayoitaja, na nakala mpelekee mtu wa chini ya mto anayetumia maji hayo, maana yeye ana haki ya kusikilizwa kuliko mpita njia. Wakija kuchota, uwepo, na uchote chupa yako kando ya yao.