Jua likizama baharini, mbona kwenye picha linakuwa kidoti?

SWALI: Habari za kazi kaka. Napenda sana kupiga picha jua likizama baharini ila picha zangu zote zinafanana, maji chini, anga juu, jua katikati kama kidoti, na ule uzuri niliouona kwa macho haupo kabisa. Nikizum ndo inaharibika zaidi. Shida ni simu au mimi ndo sijui kupanga picha? Ninunue kamera?

JIBU: Kamera usinunue kwanza dada yangu, tatizo lako nalijua na wengi wananiandikia hilo hilo. Jua ukiliangalia angani upana wake ni kama nusu digrii tu, na lenzi ya kawaida ya simu inachukua kama digrii 70 kwa upana, yaani ungepanga majua 140 kwa mstari ndo ujaze picha. Macho yako yalikuwa yameling'ang'ania jua tu ndo maana ukaliona kubwa. Sasa kitu kidogo hivyo hakiwezi kubeba picha nzima peke yake, lazima ukitafutie mwenzake.

Kwa hiyo fika kama nusu saa kabla, simu iache mfukoni, tembea. Tafuta kitu cha kuweka mbele: mwamba, boti iliyolala, gogo, mtu, hata dimbwi lililobaki maji yakishakupwa. Mi binafsi napenda mchanga uliolowa kuliko vyote, kwa sababu wimbi likirudi nyuma mchanga unang'aa kama kioo kwa sekunde chache na rangi zote za anga zinashuka miguuni kwako. Hapo chuchumaa, geuza simu kichwa chini ili lenzi iwe karibu kabisa na ardhi, subiri wimbi lirudi halafu piga, ila yaangalie mawimbi vizuri kwanza maana katikati ya madogo huwa linatokea moja kubwa na simu itaogelea.

Kingine, ile njia ya dhahabu juu ya maji inakufuata wewe. Ukienda kushoto na yenyewe inaenda kushoto. Watu wengi hawalijui hili, wanasimama sehemu moja wanalalamika kwamba boti imekaa vibaya, wakati hatua tano tu zingetosha boti iingie katikati ya mwanga.

Ule mstari wa bahari na anga usiuweke katikati kwa mazoea. Jiulize leo nini kizuri, mawingu au chini? Kama ni mawingu ushushe mstari, uwe theluthi ya chini, kama ni mchanga na miamba upandishe. Katikati uweke pale maji yametulia kabisa na anga lote limejirudia ndani yake. Washa gridi kwenye simu, ile mistari inayogawa kioo unapopiga picha, ikusaidie, na mstari unyooke tafadhali, maana bahari ikipinda kidogo tu kila mtu anaona maji yanamwagika.

Ukipiga mtu dhidi ya mwanga atatoka mweusi, na ni sawa, ndo uzuri wenyewe, ila basi umbo lake lisomeke. Mwambie ageuke ubavu pua ionekane, kama ni wawili waachane kidogo mwanga upite katikati yao la sivyo watakuwa donge moja. Halafu mstari wa bahari usimkate shingo. Wewe chuchumaa tu, kichwa chake kitapanda angani. Gusa kioo kwenye sehemu ya anga yenye mwanga karibu na jua kisha shusha mwanga kwa kidole, kwa sababu ukiiachia simu iamue itataka kumwangaza mtu na ile rangi ya chungwa yote itageuka nyeupe.

Jua likishagusa maji halina muda, karibu na ikweta dakika 2 na ushee limeshaondoka, kwa hiyo uwe umeshapanga kila kitu. Na likizama usiondoke! Inaniuma nikiona watu wanakung'uta mchanga wanasepa wakati mawingu ndo kwanza yanaanza kumulikwa kutoka chini, dakika 10 hadi 20 zinazofuata mara nyingi ndo zenye wekundu na zambarau ya maana. Geuka na nyuma pia, uone mwanga umefanya nini huko.

Ukienda tena jaribu hivi: piga picha kumi na jua lisionekane kwenye hata moja, halafu nitumie ile uliyoipenda.